Mishale ya Bure, Ukuta wa Kulipia

Gemu ya kulinda ngome kwa upinde haina mafumbo. Upande mmoja wa kioo cha simu kuna ukuta, juu ya ukuta kuna mpiga mishale, na kutoka upande wa pili maadui wanamiminika. Unagusa kioo, mshale unatoka. Adui akiufikia ukuta anaanza kuubomoa. Ukuta ukiishiwa nguvu, mchezo umekwisha. Ukiwamaliza wote unapata sarafu, unazitumia kuimarisha upinde, kisha wimbi jingine linaanza. Mtoto ambaye hajajua kusoma huuelewa mchezo huu kwa kumchungulia mwenziwe tu anayecheza.

Mfano mzuri wa aina hii kwenye simu za Android ni Defender II ya kampuni ya DroidHen, na baada yake zimekuja nyingine nyingi zenye sura na tabia zile zile. Zinapakuliwa bila malipo. Katika steji ya boda boda ya Mukumu, kando ya barabara kuu ya Kakamega kwenda Kisumu, ni gemu ya kufaa kabisa: abiria hajafika, mvua ya alasiri imeshuka, simu iko mkononi. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, wanafunzi wa bweni ambao muhula mzima hawaruhusiwi kushika simu wanarudi nyumbani, na simu ya mama haitulii tena. Kwa kuwa watu wanazipa gemu hizi saa nyingi za maisha yao, naona zinastahili kuchambuliwa kwa makini kama tunavyochambua mechi au filamu. Swali ninalolishika ni moja: mchezaji anaposhinda au kushindwa, ni kitu gani kimeamua? Ni mkono wake, ni uamuzi wake, au ni wingi wa sarafu zake?

Nasaba yake si ya jana. Mwaka 1990 Atari Games walitoa Rampart, gemu ya mashine za kumbi za michezo ambamo mchezaji alijenga kuta, akapiga mizinga, kisha akakimbizana na muda kuziba matundu. Mwaka 2003 XGen Studios ya Canada ilitoa Defend Your Castle, iliyochezwa ndani ya kivinjari kwa teknolojia ya Flash. Humo ulimnyanyua adui kwa kipanya ukamwachia aanguke, na kwa pointi ulizopata uliajiri wapiga mishale wa kukaa juu ya ngome. Haikuhitaji kusakinishwa, kwa hiyo saiba yoyote yenye intaneti ilikuwa nayo tayari. Flash ilizikwa rasmi mwishoni mwa 2020, lakini wazo lenyewe lilikuwa limeshahamia kwenye simu zamani, na huko likapata kitu ambacho kipanya hakikuwa nacho: kidole kinachogusa uwanja wa vita moja kwa moja.

Tuanze basi na kidole, kwa sababu hapo ndipo uzuri ulipo. Kuna koo mbili za gemu hizi. Katika ukoo wa kwanza, ambamo Defender II imo, unagusa mahali unapotaka kupiga na mshale unakwenda moja kwa moja; ukiendelea kubonyeza, upinde unaendelea kufyatua. Katika ukoo wa pili unavuta kidole nyuma kama mtu anayevuta manati, unaachilia, na mshale unapanda, unapinda hewani, unashuka. Huu wa pili ni mgumu zaidi na, kwa maoni yangu, ndio mtamu.

Utamu wake unaonekana ukitazama mshale mmoja tu. Tuseme adui anatembea kuelekea ukutani kwa mwendo wa sentimita moja ya kioo kwa sekunde, na kwa umbali aliopo mshale unakaa hewani sekunde mbili. Ukimlenga pale alipo, mshale utaanguka sentimita mbili nyuma yake. Yakupasa ulenge sentimita mbili mbele, mahali ambapo bado hajafika. Akishakaribia, mshale unakaa hewani sekunde moja, basi sentimita moja mbele inatosha. Hakuna anayepiga hesabu hii kichwani. Kidole chenyewe hujifunza. Mchezaji mgeni utamjua kwa mishale yake iliyochomeka ardhini, safu nzima, nyuma ya mgongo wa adui. Baada ya nusu saa safu ile inasogea mbele, inasogea tena, mpaka mishale inaanza kutua kifuani. Hapo gemu inamletea adui mwenye mbio, na kidole kinaanza darasa upya. Kisha anakuja mwenye ngao, kisha anayeruka, na kila mmoja anadai kipimo chake.

Hiki ni kipaji halisi cha gemu hizi: zinafundisha bila maneno, na unaona waziwazi kwamba leo unajua kitu ambacho jana hukukijua. Ukishindwa katika hatua za mwanzo unajua sababu. Ulichelewa, ulimwacha yule wa pembeni, ulipoteza mishale kwa jitu wakati vijeba vilikuwa vimeshafika ukutani. Mchezo wowote unaokuonyesha kosa lako kwa uwazi namna hiyo una heshima kwa mchezaji wake.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba gemu hizi zinanoa ubongo. Tuwe waangalifu hapo. Mwaka 2003 watafiti C. Shawn Green na Daphne Bavelier walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba wachezaji wa gemu za mapigano ya kasi walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kugawa umakini wa macho kuliko wasiocheza. Ni utafiti wa maana, lakini ulihusu gemu ambazo mchezaji anakimbia ndani ya mazingira yanayobadilika kila sekunde. Gemu ya ukuta uliosimama mahali pamoja ni kitu kingine. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe anakuwa mwerevu kwa kupiga majini mishale, aombe ushahidi wa gemu hiyo hiyo.

Kidole nacho kina kasoro yake. Kwenye simu ndogo, kidole gumba kinaziba sehemu kubwa ya uwanja, na mara nyingi kinaziba pale pale unapotaka kuona, yaani alipo adui. Gemu zilizotengenezwa kwa uangalifu zinakuruhusu uvute kutoka mahali popote pa kioo, hata kona tupu ya chini, huku shabaha ikibaki wazi. Zile za kugusa shabaha moja kwa moja haziwezi kukwepa tatizo hili. Mchezaji anaishia kupiga kwa kukisia. Kwenye kioo kilichopasuka, kama vioo vya wengi wetu vilivyo, mguso wakati mwingine hausomeki kabisa mahali pa ufa, na ufa ukipita mbele ya ukuta basi kuna njia moja adui atapita salama siku zote.

Baada ya mkono unakuja uamuzi. Kati ya wimbi na wimbi gemu inakupa duka. Katika Defender II unaweza kuongeza nguvu ya mshale, kasi ya kufyatua, idadi ya mishale inayotoka kwa pamoja, uimara wa ukuta, au uchawi wa moto, barafu na radi ambao unatumia nishati inayojaa polepole. Mtu akitazama juu juu ataona ni ununuzi tu. Ukweli ni kwamba kila chaguo ni utabiri wa kitakachokuja. Wakija wengi dhaifu, nguvu ya mshale ni kazi bure, kwa sababu adui aliyehitaji pigo moja hafi mara mbili. Hapo unahitaji kasi na mishale mingi. Likija jitu moja lenye ngozi ngumu, mambo yanageuka. Ukuta haumuui yeyote, lakini unakuongezea sekunde, na sekunde ndizo zinazoujaza uchawi wako tena. Mchezaji mzuri hatumii moto mara tu unapokuwa tayari. Anasubiri maadui warundikane, anawapunguza mwendo kwa barafu ili wazidi kubanana, ndipo anamwaga moto. Subira ya namna hiyo, ya kumwacha adui asogee karibu huku moyo unadunda, ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ningetamani gemu hizi zingeijenga zaidi.

Nguvu ya tatu inahusu mahali tulipo. Sehemu kubwa ya gemu hizi huchezwa bila intaneti na hazina uzito mkubwa. Hilo kwa mtu wa Nairobi mwenye Wi-Fi sebuleni laweza kuwa dogo. Kwetu ni sifa ya kwanza. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, mteja akitoa malipo ya awali kisha shilingi 20 kwa siku hadi simu iwe yake, na mipango ya aina hiyo imewafikishia simu janja watu wengi ambao wasingeweza kulipa kwa mkupuo. Simu zenyewe ni za kumbukumbu ndogo. Gemu kubwa zenye picha za kifahari zinakwama humo au hazisakinishwi kabisa. Gemu ya ukuta na upinde inaingia, inafunguka, na inachezeka huku umezima data. Wimbi moja linachukua dakika chache. Abiria akija unaiweka simu mfukoni na hujapoteza kitu.

Lakini wepesi huo una bei yake. Nyingi ya gemu hizi zinahifadhi maendeleo yako ndani ya simu tu. Simu ikiibwa, au ukiifuta gemu ili upate nafasi ya picha za arusi zilizotumwa kwenye WhatsApp, miezi ya kulinda ukuta imekwenda. Nimemwona kijana akianza upya kutoka hatua ya kwanza kwa uso wa mtu aliyefiwa.

Sasa tufike kwenye mtambo wenyewe, mahali ambapo gemu hizi zinageuka tabia. Nitatumia hesabu ya mfano, si ya gemu fulani, ili mwendo wake uonekane. Tuseme kuongeza nguvu ya upinde mara ya kwanza ni sarafu 100, na kila unapoiongeza bei inapanda kwa asilimia 20. Tuseme pia hatua ya kwanza inakulipa sarafu 100, na malipo yanaongezeka kwa sarafu 20 kila hatua. Mwanzoni hatua moja inanunua ongezeko moja. Unacheza, unanunua, unafurahi. Baada ya kuongeza mara 10, bei imefika kama sarafu 619 na hatua moja inalipa 300, kwa hiyo unacheza takriban mara mbili kwa ununuzi mmoja. Baada ya mara 20 bei ni kama 3,834 na malipo ni 500: unacheza karibu mara nane. Baada ya mara 30 bei imepanda hadi 23,700 na ushei, na malipo ni 700. Sasa unahitaji raundi 34 kwa ongezeko moja tu. Raundi ikiwa ya dakika mbili, hiyo ni zaidi ya saa nzima ya kurudia kitu kile kile, na mwisho wake upinde umeongezeka nguvu kidogo ambayo huwezi hata kuiona kwa macho.

Tazama kilichotokea. Malipo yanapanda kwa kujumlisha, bei inapanda kwa kuzidisha. Mistari hiyo miwili huanza pamoja kisha inaachana, na pengo lake haliwezi kuzibwa kwa ustadi wowote. Adui naye anaongezewa uhai kwa mwendo ule ule wa kuzidisha, hivyo kwamba hata usipokosa mshale mmoja, upinde wako dhaifu hautammaliza kabla hajafika. Kidole kilichojifunza kulenga sentimita mbili mbele hakina tena la kufanya. Uamuzi kati ya kasi na nguvu nao umekufa, kwa kuwa unahitaji vyote na huna pesa ya chochote. Kilichobaki ni kimoja katika yale matatu niliyotaja mwanzoni.

Hapo ndipo kitufe kinachong'aa kinajitokeza. Tazama tangazo, sarafu zako ziwe maradufu. Au lipa, upate fuwele. Haikutokea kwa bahati. Mwenye gemu ameitoa bure, ana wafanyakazi wa kulipa, na wachezaji wengi hawatatoa hata senti. Wachache ndio wanaobeba karibu mapato yote ya ununuzi wa ndani. Kwa hiyo lazima pawepo mahali ambapo uvumilivu unaisha, na mahali hapo panapangwa na mbunifu kwa makusudi. Simlaumu mtu kwa kutafuta riziki. Ninachokipinga ni kwamba sehemu iliyovunjwa ili mimi nilipe ndiyo ile ile iliyokuwa nzuri.

Na malipo ya tangazo ukiyapiga hesabu kutoka Mukumu yanashangaza. Tangazo la video linakula data. Mwenye bando la saa moja au la siku anakata sehemu yake ili kuongezewa sarafu za kufikirika. Pesa ile ya bando haimfikii aliyetengeneza gemu. Inabaki kwa kampuni ya simu. Mtengenezaji analipwa na mwenye tangazo, na tangazo linaloonyeshwa Kenya kwa kawaida lina bei ndogo kuliko lile linaloonyeshwa Marekani. Kwa hiyo mchezaji wetu anatoa kingi kwa kulinganisha na mfuko wake, na mtengenezaji anapata kidogo. Mfumo mzima umepimwa kwa mchezaji wa nchi nyingine, mwenye intaneti isiyohesabiwa na kadi ya benki. Ndiyo maana vijana wengi hapa wamejitengenezea dawa: wanazima data kabla ya kufungua gemu. Matangazo yanakosa njia, kitufe cha maradufu kinafifia, na wanarudi kwenye raundi 34.

Upande wa ununuzi una historia ambayo wazazi wanapaswa kuijua. Mwaka 2014 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani ilifikia makubaliano na Apple ya kurudishia wateja angalau dola milioni 32.5, na vilevile na Google angalau dola milioni 19, kwa sababu watoto walikuwa wamenunua vitu ndani ya gemu bila idhini ya wenye akaunti. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya gemu, ambayo hujui kilichomo mpaka ulipe, yanaangukia sheria za kamari, na mwaka uliofuata Google ikazitaka gemu zilizo Play Store zitangaze uwezekano wa kupata kila kitu kilichomo. Si kila gemu ya upinde ina masanduku hayo. Iliyo nayo, hasa inayokupa upinde mpya kwa bahati nasibu, mimi simpi mtoto, katika nchi ambayo kamari ya simu imeshawakamata vijana wengi kiasi hiki.

Kwetu kinga ipo, na ni rahisi. Ununuzi kwa M-Pesa unahitaji namba ya siri, na mipangilio ya Play Store inaweza kudai nywila kwa kila ununuzi. Mama anayemwachia mwanawe simu ahakikishe mawili hayo, na asimtajie namba ya siri hata anapomtuma dukani. Pia atazame ruhusa ambazo gemu inaomba. Gemu ya mishale haina haja ya kujua majina yaliyo kwenye simu yako wala mahali ulipo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, lakini sheria haisomi skrini ya ruhusa kwa niaba yako.

Kuna udhaifu mwingine ambao hautajwi sana, nami nauona mkubwa kuliko matangazo. Mishale haiishi. Kwenye gemu nyingi za aina hii unaweza kufyatua mishale elfu kwa saa na podo limejaa tele. Mpiga upinde yeyote wa kweli atakuambia kwamba kiini cha kazi yake ni uchache wa mishale. Shehzana Anwar, aliyeiwakilisha Kenya katika upigaji upinde kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na kubeba bendera ya taifa siku ya ufunguzi, alipiga mishale 72 katika raundi ya kupanga nafasi, kwa shabaha iliyo mita 70 mbele yake. Kila mmoja una uzito. Mshale ukiwa bure, kukosa hakuna gharama, na kukosa kusipokuwa na gharama, kulenga kunapoteza maana. Katika gemu ya ukoo wa kwanza wachezaji wengi hufikia mahali wanabonyeza tu na kusugua kidole juu na chini, wakimwaga mishale bila kutazama. Mbunifu ametoa bure kitu ambacho kilipaswa kuwa adimu, kisha akafanya adimu kitu kisichohusu upinde wala ukuta, yaani sarafu.

Ngome halisi nazo zina somo hapa. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kuta zake ni nene, na mpaka leo unaweza kuzigusa. Kilichowamaliza waliokuwa ndani kilikuwa zaidi magonjwa na njaa, na kusubiri meli za msaada. Muda wote ule, swali la kila asubuhi lilikuwa nini kimebaki: maji, chakula, baruti, watu. Gemu ya kulinda ngome isiyo na ghala imeacha nje nusu ya mambo yanayoifanya ngome iwe ngome.

Na hatuna haja ya kwenda pwani. Barabara hii inayopita Mukumu ukiifuata kaskazini, ukavuka Kakamega mjini, inakufikisha Webuye, na juu ya Webuye kuna kilima cha Chetambe. Hapo mwaka 1895 Wabukusu walijikusanya ndani ya boma lenye ukuta na handaki, wakapambana kwa mikuki, mishale na bunduki chache walizokuwa nazo dhidi ya jeshi lililoongozwa na Waingereza, wakati ambapo Charles Hobley alikuwa ofisa wao huko Mumias. Boma lilianguka na watu wengi waliuawa. Watoto wetu wanalinda kasri za mawe zenye bendera za Ulaya dhidi ya majini yenye pembe, ilhali mwendo wa matatu kutoka hapa kuna ngome ya kweli ambayo wengi wao hawajaisikia ila katika mstari mmoja wa kitabu cha historia.

Sisemi mtu aichukue Chetambe aigeuze burudani ya kumwaga damu. Wazao wa waliokufa wapo, na wazee wanaoihifadhi habari ile lazima waulizwe kwanza. Lakini gemu yenye heshima inawezekana, na nadhani ingekuwa bora hata kwa kipimo cha ubunifu peke yake. Ushindi usihesabiwe kwa idadi ya maadui walioanguka, bali kwa idadi ya kina mama, watoto na ng'ombe waliotoka salama kwa mlango wa nyuma kabla ukuta haujabomoka. Hapo kila sekunde uliyoishikilia ina maana, na mchezaji anaweza kupoteza ukuta na bado akawa amefanya kazi yake. Ugumu unatoka kwenye hali yenyewe, hauhitaji bei inayozidishwa.

Uwezo wa kuitengeneza upo. Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi mwaka 2007, wakati Kenya haikuwa na sekta ya gemu ya kuzungumzia. Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mwaka 2015. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko Kakamega mjini, Sigalagala National Polytechnic iko kwenye barabara hii hii, na Godot, programu ya kutengenezea gemu, inapakuliwa na kutumiwa bila kulipa mtu yeyote. Gemu ya ukuta mmoja na upinde mmoja ni kati ya zile ambazo mtu mmoja anaweza kuzimaliza.

Ningempa mtu huyo masharti machache. Amruhusu mchezaji avute mshale kutoka popote pa kioo, ili kidole kisizibe shabaha. Ampe mchezaji mishale 60 kwa wimbi, na ile iliyokosa iokotwe baadaye, mingine ikiwa imevunjika. Upinde uongezwe nguvu mara tano tu katika gemu nzima, na kila mara iwe ni jambo kubwa linaloonekana. Maendeleo yahifadhiwe kwa namna inayoweza kuhamishiwa simu nyingine. Maelezo yawe ya Kiswahili na Kibukusu. Hatua kumi za kwanza ziwe bure bila tangazo hata moja, na zilizobaki zifunguliwe kwa shilingi 100 zinazolipwa mara moja kwa M-Pesa, pesa iende kwa aliyeifanya kazi. Shilingi 100 ni nauli ya safari fupi ya boda boda, na steji ya Mukumu ina watu wa kutosha wa kuijaribu kabla haijatoka.